Kuota shambani na kuota kitandani: Hekima ya Mithali katika baridi ya Mau Narok

Mpenzi msomaji, Kiswahili chetu kina neno moja lenye sura mbili. Mbegu ikichipua ardhini tunasema imeota. Mtu akiona mambo usingizini, huyo naye tunasema ameota. Neno ni lile lile, lakini matokeo yake hayafanani hata kidogo. Kuota kwa kwanza hujaza sufuria. Kuota kwa pili huisha jogoo anapowika.

Jumapili ya leo nakuomba tuketi pamoja tutafakari juu ya aina hizo mbili za kuota. Mwongozo wetu utakuwa kitabu cha Mithali, ambacho kwa karne nyingi kimetumika kuwafunza vijana adabu ya kazi na matumizi ya akili. Na shamba letu la mfano halitakuwa mbali. Litakuwa kule Mau Narok, katika Kaunti ya Nakuru.

BARIDI SI UDHURU

Kama hujawahi kufika Mau Narok, safari yenyewe si ndefu. Unaondoka mjini Nakuru, unapita Njoro na Chuo Kikuu cha Egerton, kisha barabara inaanza kupanda. Kadiri gari linavyopanda ndivyo baridi inavyozidi kukubana, mpaka unafika mahali palipo zaidi ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari. Huko utaona mashamba ya viazi, ngano, shayiri, kabichi, karoti na minji yametandazwa kama mkeka. Utaona pia kwamba watu hawatoki nyumbani bila koti zito, na kofia ya sufu si urembo bali ni lazima.

Sasa hebu fikiri. Ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ukungu umelala juu ya matuta, na majani yamelowa chepechepe. Blanketi ni zito na lina joto. Jembe liko nje na mpini wake ni baridi kama chuma. Ni nani asiyetamani kungoja jua litoke kwanza?

Mtu kama huyo anajulikana sana katika Mithali. Sura ya 20, mstari wa 4, inamtaja mvivu anayekataa kulima kwa sababu ya baridi, kisha siku za mavuno anazunguka kwa wenzake akiomba na kukosa. Msomaji wa Mombasa au Kisumu huenda akaupita mstari huo bila kuutia maanani. Lakini mkulima wa Mau Narok anauelewa mara moja, kwa kuwa hali ya nchi ya Biblia inafanana na ya kwake katika jambo hili. Kule Palestina, mvua ya kwanza ya kulainisha udongo huja msimu wa baridi unapokaribia. Kwa hivyo mvua na baridi husafiri pamoja. Anayeikimbia baridi huwa ameikimbia na mvua yenyewe. Akisubiri siku ya kupendeza ndipo alime, ataikuta ardhi ngumu na majirani wamekwisha kupalilia.

Hili ni fundisho la kwanza, nalo ni rahisi kulikubali. Wahenga wetu walilisema kwa njia yao, kwamba mchagua jembe si mkulima. Tungeweza kuishia hapa, tukawakemea wavivu kisha tukaenda zetu kunywa chai. Lakini, ndugu msomaji, tukifanya hivyo tutakuwa hatujaigusa hatari kubwa zaidi.

ADUI ALIYE MACHO

Wengi hudhani kwamba katika Mithali kinyume cha mkulima hodari ni mtu aliyelala. Si hivyo kila mara. Fungua sura ya 12, mstari wa 11, kisha sura ya 28, mstari wa 19. Mistari hiyo miwili inakaribia kusema jambo moja. Inasema kwamba mwenye kulima shamba lake hushiba. Na je, anayelinganishwa naye ni nani? Si mlalaji hata kidogo. Ni mtu anayekimbilia mambo ya upuzi.

Neno la Kiebrania lililotumiwa hapo lina maana ya vitu vitupu, yaani vitu visivyo na chochote ndani, kama gunia lililosimamishwa kwa vijiti likaonekana limejaa. Na mtu huyo hajaketi wala hajalala. Anafuata, anakimbia, anatokwa na jasho. Sura ya 12 inamalizia kwa kusema kwamba kasoro yake ni ukosefu wa akili. Kwa Kiebrania ni kama kusema hana moyo, kwa maana watu wa zamani zile walihesabu moyo kuwa makao ya fikira.

Umeona tofauti hiyo? Mvivu wa baridi anajulikana na kila mtu kijijini, hata watoto humcheka. Lakini huyu wa pili hachekwi. Anaamka mapema, ana shughuli nyingi, simu yake haina mapumziko. Leo yuko Nakuru kwa mkutano wa watu watakaotajirika kabla ya Krismasi. Kesho anakopa ili aongezee pesa alizoweka juzi. Usiku anabashiri matokeo ya mechi za Ulaya, za timu ambazo hajawahi kuziona zikicheza uwanjani. Ukimwuliza atakwambia yuko kazini. Na pengine mwenyewe anaamini hivyo.

Tumchukulie mtu mmoja wa kubuni. Simpi jina, kwa kuwa huenda ni jirani yako, na huenda ni wewe. Baba yake alimwachia ekari moja. Akaona viazi vinachelewa, vinahitaji miezi mitatu au minne, na vinaleta matope hadi magotini. Akalikodisha shamba kwa miaka miwili, akachukua pesa zote siku moja, akazitia katika mpango aliosimuliwa na rafiki. Mwezi wa kwanza alilipwa vizuri. Mwezi wa pili akawaita ndugu zake wawili. Mwezi wa tatu ofisi ilikuwa na kufuli. Sasa anaamka kila asubuhi akiangalia mtu mwingine akivuna kwenye udongo wa baba yake, na mke wake anaenda kufanya kibarua cha kuchimba viazi katika shamba lile lile.

MBEGU YA KARATASI

Hadithi hiyo ni ya kubuni, lakini mambo yaliyomo yametokea. Miaka ya 2006 na 2007 Kenya ilikumbwa na wimbi la miradi ya upatu wa ulaghai, ile inayoitwa piramidi. Watu waliuza mifugo, wakatoa akiba zao, wengine wakachukua mikopo. Miradi ilipoporomoka, serikali iliunda jopo la kuchunguza, na ripoti yake ya mwaka 2009 ilionyesha kwamba Wakenya walikuwa wamepoteza zaidi ya shilingi bilioni 8.

Jirani zetu wa Tanzania nao hawakusalimika. Mradi uliojulikana kama DECI uliwavutia watu wengi sana, na miongoni mwa viongozi wake walikuwamo wachungaji. Ajabu ni lugha iliyotumika. Pesa ulizotoa ziliitwa mbegu, kutoa kuliitwa kupanda, na kulipwa kuliitwa kuvuna. Mwaka 2009 serikali iliusimamisha. Viongozi wake walishtakiwa, na mwaka 2013 mahakama ya Kisutu jijini Dar es Salaam iliwatia hatiani.

Tazama basi jinsi upuzi unavyopenda kuvaa nguo za kazi. Haukujiita kamari. Ulijiita kilimo.

Ili usije ukanaswa, nakuomba uchukue kalamu tufanye hesabu ndogo. Tuseme kila anayeingia katika mradi lazima alete watu sita ili alipwe. Wewe unaleta sita. Hao sita wanaleta 36. Hao 36 wanaleta 216. Endelea kuzidisha kwa sita. Hatua ya tisa itahitaji watu wapya zaidi ya milioni 10. Hatua ya kumi itahitaji zaidi ya milioni 60. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu Wakenya wapatao milioni 47 na nusu, pamoja na watoto wachanga na wazee wasiojiweza. Kwa hivyo, hata kama wenye mradi wangekuwa malaika, watu wangewaishia kabla ya hatua ya kumi, na walioingia mwisho wangelia. Mradi hauanguki kwa bahati mbaya. Uliundwa uanguke.

Linganisha na kiazi. Kiazi kimoja cha mbegu kikitunzwa vyema kinaweza kuzaa viazi vinane au kumi. Hilo nalo ni ongezeko kubwa, lakini linaeleweka linatoka wapi. Limetoka kwa udongo, mvua, mbolea, jua na mgongo wako. Swali la kumwuliza kila anayekuletea habari za utajiri ni hili moja: pesa hizo zinatoka wapi? Kama jibu ni kwamba zinatoka kwa atakayeingia baada yako, funga mlango, mpe chai ya kwaheri.

Mithali, sura ya 13, mstari wa 11, inaonya kwamba mali inayopatikana kwa haraka haraka hupungua, na anayekusanya kidogo kidogo kwa mkono wake huongezewa. Kumbuka kwamba onyo hilo ni la miaka mingi kabla ya simu na benki.

JASHO LISILO NA AKILI

Hapo mkulima hodari ataanza kujipongeza. Atasema yeye hachezi kamari wala haingii katika piramidi, na saa kumi na mbili alfajiri yuko shambani. Vyema sana. Lakini naomba asifunge gazeti, kwa maana Mithali haisifu jasho peke yake. Inasifu jasho lililoongozwa na akili.

Katika Mau Narok na nyanda zote za viazi, mtu anaweza kufanya kazi kama punda na bado avune haba. Sababu moja kubwa ni mbegu. Wakulima wengi huuza viazi vikubwa, wakala vya kati, halafu vile vidogo vilivyobaki wakavihifadhi kuwa mbegu. Jambo hilo linaonekana ni uangalifu, lakini mara nyingi ni hasara. Kiazi kinaweza kubaki kidogo kwa sababu mama yake alikuwa mgonjwa. Ukikipanda, umepanda ugonjwa, na msimu unaofuata unavuna vichache zaidi.

Uko ugonjwa wa mnyauko unaoletwa na bakteria. Shina hulegea ghafla ilhali udongo una maji ya kutosha, na ukikikata kiazi unaona majimaji kama usaha. Hakuna dawa ya kunyunyizia itakayouponya. Hukaa udongoni, husafiri kwa mbegu, kwa jembe lenye udongo na kwa maji yatiririkayo. Dawa yake ni akili. Tumia mbegu safi, ng'oa mimea iliyonyauka, na usirudishe viazi mahali pale pale msimu baada ya msimu. Lipumzishe shamba kwa misimu mitatu au zaidi kwa kupanda nafaka kama ngano, shayiri au mahindi. Wala usidhani umebadilisha zao kwa kupanda nyanya au pilipili, kwa kuwa hizo ni jamaa za kiazi na ugonjwa ni wa ukoo.

Labda utasema mbegu iliyoidhinishwa ni ghali, na ekari moja inahitaji takriban magunia 16 ya kilo 50. Ni kweli. Lakini iko njia ambayo haihitaji pesa nyingi, ila macho na subira. Watafiti waliifanyia majaribio pamoja na wakulima wadogo hapa Kenya. Viazi vinapoanza kutoa maua, pita katika shamba ukichagua mimea iliyo na afya kuliko yote, isiyo na majani ya manjano wala yaliyojikunja. Weka kijiti kando ya kila mmoja. Wiki mbili baadaye rudi uikague tena, na uliopata ugonjwa uondolee kijiti chake. Siku ya kuvuna, ichimbe ile yenye vijiti kwanza, mmoja mmoja, na ule uliozaa vizuri ndio utoe mbegu yako. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionyesha kwamba mavuno yaliongezeka kwa wastani wa asilimia 34.

Tafakari hilo, mpenzi msomaji. Ekari ni ile ile, mvua ni ile ile, mgongo ni ule ule. Kilichoongezeka ni vijiti na akili. Hiyo ndiyo maana ya kutenganisha mchapakazi na mtu mwenye ufahamu, na heri mtu anayeunganisha yote mawili.

Nabii Isaya, katika sura ya 28, alikuwa na habari hiyo pia. Alimtazama mkulima wa siku zake akaona kwamba halimi tu mfululizo bila kikomo. Husawazisha, hupanda kila mbegu mahali pake, na kila zao ana namna yake ya kulipura. Isaya akasema kwamba busara hiyo ni Mungu aliyemfundisha. Kwa maneno mengine, kutumia akili shambani si kukosa imani.

USIWEKE YOTE KIKAPU KIMOJA

Akili nyingine ni ya kugawanya. Mhubiri, sura ya 11, inashauri mtu agawe fungu lake mara saba au hata nane, kwa kuwa hajui ni balaa gani litakaloipata nchi. Wakulima wengi wa viazi nchini wameegemea aina moja iitwayo Shangi, ambayo iliidhinishwa rasmi mwaka 2015 baada ya kuwa imeenea kwa wakulima wenyewe. Shangi ina sifa zake: hukomaa mapema na huiva haraka jikoni. Lakini huchipua upesi ikihifadhiwa, na ukungu unaochoma majani huishambulia ikiwa haikunyunyiziwa dawa.

Ukungu huo si wa kuchezea. Ndio ulioingia Ireland mwaka 1845, ambako maskini walikuwa wakitegemea viazi peke yake, na kwa sehemu kubwa aina moja ya viazi. Katika njaa iliyofuata watu wapatao milioni moja walikufa na wengine wengi wakahama nchi. Hawakuwa wavivu. Walikuwa wameegemea mti mmoja, nao ukaanguka. Kwa hivyo mwenye ekari moja Mau Narok asione aibu kuwa na kipande cha minji, kitalu cha kabichi, ng'ombe mmoja wa maziwa na aina mbili za viazi. Huko si kutapatapa, ni hekima.

KILEMBA CHA GUNIA

Sasa nataka kuwa mkweli nawe. Wako watu wanaosoma Mithali vibaya. Wakimwona maskini wanasema, "Huyo ni mvivu, Biblia imesema." Hapana. Kitabu hicho hicho, sura ya 13, mstari wa 23, kinakiri kwamba shamba la maskini linaweza kuzaa chakula tele, lakini kikachukuliwa na dhuluma. Mtu anaweza kufanya yote sawasawa na bado aporwe.

Mkulima wa viazi anaifahamu dhuluma hiyo kwa jina. Inaitwa lumbesi. Gunia linajazwa hadi mdomoni, kisha linashonewa kilemba juu kwa wavu au kipande cha gunia jingine, nacho kinajazwa pia. Bei inabaki ya gunia moja. Sheria inataka viazi vifungwe visizidi kilo 50, na kanuni za viazi za mwaka 2019 zilisisitiza hivyo, lakini kijiji kisicho na mizani husikiliza dalali kuliko sheria.

Tufanye hesabu tena. Ukikubaliana bei ya kilo 50 halafu gunia likabeba kilo 75, basi katika kila magunia mawili unayolipwa, umetoa gunia moja zima bure. Katika magunia 40 unayolipwa, umetoa 20 bure. Fikiria ni alfajiri ngapi za baridi zilizomo ndani ya magunia hayo 20.

Mithali inasema nini? Sura ya 11, mstari wa kwanza kabisa, inatangaza kwamba mizani ya udanganyifu ni chukizo kwa Mungu. Maneno hayo hayamlengi mkulima, yanamlenga mnunuzi. Lakini mkulima mwenye akili hangoji mnunuzi aokoke. Anajiunga na wenzake, wananunua mizani moja, wanakubaliana kwamba hakuna atakayeuza kwa kilemba, na wanatafuta wanunuzi kwa pamoja. Dalali humshinda mtu mmoja mwenye haja ya karo kesho asubuhi. Watu 30 wenye mizani si rahisi kuwashinda.

Zaidi ya hayo, watu wengi wa sehemu za Njoro, Molo na vilima vya Mau wamewahi kupanda wasivune, kama ilivyokuwa katika machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Mtu aliyeyaacha mazao yake shambani akiokoa watoto wake hahitaji kuhubiriwa juu ya uvivu. Anahitaji amani na majirani wema. Jembe hufanya kazi mahali palipo na amani, na kuilinda amani hiyo nako ni sehemu ya kilimo.

NDOTO YA YUSUFU

Je, ina maana kwamba kuota ndoto ni dhambi? La hasha. Kijana asiye na ndoto ni kama shamba lisilo na mpaka, kila mtu hupitisha ng'ombe wake. Tatizo ni ndoto isiyovaa gambuti.

Mkumbuke Yusufu katika Mwanzo, sura ya 41. Farao aliota ng'ombe saba wanono na saba waliokonda. Yusufu angeweza kueleza maana yake, akapokea zawadi na kuondoka. Badala yake alitoa mpango. Akashauri kwamba sehemu moja katika kila tano za mavuno itengwe katika miaka saba ya shibe na kuwekwa ghalani, chini ya watu wa kusimamia. Ndoto ikawa maghala, na maghala yakawa chakula. Hapo ndipo tunapoona kipimo. Ukitaka kujua kama ndoto yako ni ya Yusufu au ni upuzi, angalia kama inakuongoza kwenye kazi ya kesho asubuhi au inakufanya uichukie.

Mwana wako akisema anataka kuwa na lori lake la kusafirisha viazi hadi Nairobi, usimcheke. Mwulize ataanza na nini. Akisema ataanza kwa kulima robo ekari, aandike matumizi yake yote katika daftari, na atenge sehemu moja katika kila tano ya mauzo, huyo anaota mchana, na ndoto yake ina mizizi. Akisema anangoja bahati, mrudishe kwenye Mithali 14, mstari wa 23, panaposema kwamba kila kazi ina faida, lakini maneno ya midomo huleta ufukara.

MEZANI PA FAMILIA

Kabla hatujaagana, tuingie nyumbani, kwa maana hasara nyingi za shambani huanzia kwenye siri za nyumbani. Yule mtu wetu wa kubuni aliyekodisha ekari yake, je, alimshauri mke wake? Hakumshauri. Angemshauri, pengine angeulizwa swali moja tu la kumwokoa. Mwanamke hodari wa Mithali 31 hufikiria shamba kwanza, kisha hulinunua, na kwa mapato ya mikono yake hupanda mizabibu. Yeye ni mwenye hesabu, si msaidizi wa kuchota maji tu. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 nayo inataka mali ya ndoa isiuzwe, isikodishwe wala isiwekwe rehani bila ridhaa ya wote wawili. Sheria hiyo na Mithali zinakutana katika meza moja.

Basi jioni ya leo, baada ya chakula, zimeni redio kidogo mjiulize maswali haya. Msimu uliopita tulitumia shilingi ngapi shambani, na tuliuza kwa shilingi ngapi? Mbegu tutakayopanda imetoka wapi? Kipande kipi kinahitaji kupumzishwa viazi? Ni nani tunayemwamini tununue mizani pamoja naye? Na je, kuna mtu hapa nyumbani aliyetoa pesa mahali asipotaka kupataja? Swali hilo la mwisho lijibiwe bila kelele. Aliyepotea akikaripiwa huficha, na anayeficha hukopa tena ili kurudisha alichopoteza. Mwenye kukiri mapema asaidiwe kurudi shambani.

Mithali 24 inasimulia habari za mtu aliyepita kando ya shamba la mvivu. Aliona miiba imeota kila mahali na ukuta wa mawe umebomoka. Hakurusha jiwe wala hakucheka. Alisimama, akatazama, akajifunza. Nasi leo tumepita kando ya mashamba kadhaa pale Mau Narok, la mwenye kuogopa baridi, la mwenye kukimbilia vitu vitupu na la mwenye jasho lisilo na akili. Tumeliona pia lile lenye vijiti vilivyosimikwa kando ya mimea yenye afya, ambako mume na mke wanajua idadi ya magunia yao.

Kesho ni Jumatatu. Kutakuwa na baridi. Achanikaye kwenye mpini hafi njaa, ndivyo walivyosema wahenga, na Mithali inaongeza kwamba kichwa kiushike mpini pamoja na mikono. Usingizini utaota bila kujitaabisha. Lakini ukitaka kitu kiote shambani, mpenzi msomaji, itakubidi uamke.